Majani Yaliyobaki Upande wa Kushoto

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, na nilikuwa na haki ya kusema. Nimeona mvua ya mawe ikimaliza ekari nne za chai kwa muda wa mtu kunywa kikombe kimoja, majani yote chini kama yamekatwa kwa panga. Nimeona lori langu la kwanza likiingia mtaroni na magunia sitini ya mbolea, na majirani wakija mbio na ndoo badala ya kamba. Nimeona mtu tuliyekula naye sahani moja miaka minane akibeba mali yote ya duka letu na kuhama nayo bila kuaga, akaniachia ufunguo tu. Sikulia. Kesho yake nilifungua duka likiwa tupu, nikaketi mlangoni na kuwasalimia watu kana kwamba liko na mali. Wateja wawili walilipa kabla ya kuona mbolea. Mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Niliacha shule darasa la sita. Nilianza kwa kubeba majani ya wengine mgongoni hadi kituo cha kununulia, kilo kwa kilo, mpaka nikabeba ya kwangu. Leo ukishuka Roret uulize duka la mbolea lenye mabati ya kijani, hata mbuzi atakuonyesha. Niko na pikapu mbili, nyumba ya mawe, na tangi la maji la lita elfu kumi ambalo lilikuwa la kwanza kijijini kwetu. Haya nayaandika mwenyewe kwa daftari, kwa Kiswahili changu cha sokoni, na binti yetu anarekebisha pale nilipopotoka. Amekataa kurekebisha mahali ninapojisifu. Anasema hayo si makosa ya lugha.

Kuna jambo moja ambalo sikuwaambia watu. Macho ya nyumba hii hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mama watoto.

Yeye alimaliza kidato cha nne. Karatasi ya benki ikija, ni yeye alisoma. Chupa ya dawa ya magugu, maandishi madogo kama chungu, ni yeye aliniambia niweke kiasi gani kwa pampu. Hesabu za duka alifanya kichwani huku akimenya viazi, na mimi nikibonyeza simu yangu tulifika pamoja, mara nyingine yeye akiwa mbele. Na akiwa shambani, wee! Akisimama katikati ya chai alijua nani amepita barabarani upande wa kulia, ng'ombe wa nani ameingia kwenye mahindi upande wa kushoto, na mikono yake wakati huo huo inachuma majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, bila kuitazama.

Tulikuwa na watu wa kuchuma, lakini nusu ekari iliyo chini ya nyumba alikataa kuwaachia. Nilimwambia mke wa mtu kama mimi habebi kikapu. Akaniambia, "Wewe una duka. Mimi nina hii." Na kweli ile nusu ekari ilikuwa ya maonyesho. Juu ya chai palikuwa sawa, ungeweza kuweka kikombe mahali popote na kisimwagike.

Macho yalianza kuwa mekundu mwaka ule tulipomaliza kujenga. Kwanza tulisema ni moshi wa jikoni. Nikanunua gesi, mitungi miwili. Wekundu ukakaa. Halafu akaanza kuogopa mwanga. Nilikuwa nikija nyumbani saa saba mchana namkuta ameketi sebuleni, mapazia yamefungwa, leso imefunika kichwa chote.

"Umefiwa?" nikamuuliza siku moja, kwa mzaha.

"Jua linanichoma ndani ya kichwa," akasema. "Funga mlango, baba watoto."

Nikampeleka kliniki ya macho mjini. Daktari alikuwa msichana wa umri wa mtoto wetu wa kwanza, na nilipomwona nilitaka kuuliza mkubwa wake yuko wapi. Lakini alimwangalia mama watoto kwa mashine yake kwa subira sana, akazima taa, akawasha, akamwambia aangalie sikio lake la kulia, aangalie la kushoto. Kisha akatueleza. Huu si ule ugonjwa wa macho mekundu ambao watoto wanaambukizana shuleni. Ni uvimbe wa ndani ya jicho lenyewe. Unakuja, unatulia, unarudi, na unaweza kuishi na mtu miaka mingi.

Akaandika dawa ya matone, nyeupe kama maziwa, ya kutikisa kabla ya kutia. Halafu akasema maneno ambayo nimeyasikia tena kila siku tangu hapo.

"Mama, dawa hii inazima moto. Lakini jicho lina maji ndani yake, na maji hayo yana njia ya kutokea. Uvimbe unaweza kuziba ile njia. Na kuna watu wengine, dawa yenyewe inaziba. Maji yakikosa pa kutokea, presha ya jicho inapanda na kuua neva polepole, kuanzia pembeni. Ndiyo inaitwa glakoma. Haiumi. Mtu hajui. Kwa hivyo utakuja kupimwa kila wiki nne, hata kama macho ni meupe kabisa."

"Hata yakiwa meupe?" mama watoto akauliza.

"Hasa yakiwa meupe."

Nilikuwa nimeketi hapo hapo. Siwezi kusema sikusikia, wala sikuelewa. Nilielewa neno kwa neno. Ila tulikuwa tumefika saa moja asubuhi na sasa ilikuwa saa nane, na duka langu limefungwa, na mimi nilikuwa nafikiria foleni.

Matone yale yalifanya kazi kama muujiza. Wiki mbili tu, mapazia yakafunguliwa. Alirudi kliniki mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara waliweka kidude kwenye jicho, wakasema presha iko sawa. Mara ya nne daktari alisema imepanda kidogo. Akaongeza dawa nyingine ya kuishusha, akasema asingoje wiki nne, arudi baada ya mbili.

Wiki mbili hizo ziliangukia wakati wa majani. Mtu wa kwetu ataelewa. Mvua ndefu ikikatika na jua likatoka, chai inafurika. Unachuma leo, kesho imeota, na usipoichuma inakomaa na karani wa kituo anaimwaga mbele ya watu. Hakuna harusi wakati huo, hata mgonjwa huambiwa asubiri kidogo. Na kliniki yenyewe ilikuwa Jumatano, siku ambayo lori la kiwanda linapita kwetu.

"Twende wiki ijayo," nikamwambia.

Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Ile dawa ya kushusha presha ilikuwa inamwasha, na alipoitia hakuna kilichobadilika kwenye kioo, kwa hivyo ilipoisha hatukuitafuta. Lakini ile nyeupe ilipoisha, wekundu ulirudi kwa siku tatu. Nikabeba chupa tupu mfukoni, nikaenda Litein, kwenye duka moja la dawa.

Kijana wa pale aliigeuza geuza. "Mzee, hii inataka karatasi ya daktari."

"Daktari ndiye aliandika."

"Karatasi iko wapi?"

"Kijana, mimi nauza sumu ya magugu ya kuua kijiji kizima na sijawahi kumuuliza mtu karatasi. Hii ni tone la macho."

Akakataa. Nikaondoka, nikarudi siku nyingine, nikataja watu ninaowajua, akakataa tena. Mara ya tatu nilimwambia sitaki chupa moja. Nataka katoni. Mimi sinunui kitu mojamoja, hiyo ni tabia ya mtu ambaye hajui kesho itakuwaje. Akaniangalia, akaangalia nje, akaenda nyuma ya pazia. Nikatoka na chupa ishirini na nne, na njiani nilikuwa napiga mluzi.

Niliiweka ile katoni mezani mbele yake kama mtu aliyerudi na mbuzi.

"Lakini daktari alisema nirudi," akasema.

"Urudi kufanya nini? Kuambiwa macho ni meupe? Hiyo hata mimi nakuambia, na bila foleni."

Akacheka. Akaegemeza kichwa nyuma kwenye kiti, nikatikisa chupa, nikamtia mwenyewe, tone moja huku, tone moja huku. Nilikuwa na mkono mzuri wa kutia. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani na kila jioni kabla ya chakula, kwa mwaka mmoja na miezi mitano, sikukosa. Wekundu ukionyesha pua, tunaongeza. Na macho yake yalikuwa meupe, nakuapia, meupe kuliko ya watoto wake.

Sisi watu wa chai tunahukumu kwa jani. Jani likiwa na rangi nzuri, hakuna mtu anayechimba kuangalia mzizi.

Sasa nikikumbuka ule mwaka, naona ishara zimejaa kila mahali, kama mtu aliyemwaga mahindi njiani. Alipiga chupa ya chai kwa mkono wa kushoto ikaanguka ikavunjika, na baada ya mwezi nyingine. Bega lake la kushoto lilikuwa na alama nyeusi ya fremu ya mlango wa jikoni, nami nikamtania kwamba nyumba kubwa imemshinda, amezoea ile ya udongo. Akishuka shambani alikuwa anapitisha mkono kwenye ua wa miti. Nilidhani ni maringo.

Si mimi tu niliyedhani. Rafiki yake wa sokoni, mama mmoja Mkisii anayeuza vitunguu na ndizi, alikuja siku moja dukani kwangu, mikono kiunoni.

"Wewe mzee, mwambie bibi yako sisi pia ni watu."

"Amefanya nini tena?"

"Nimemsalimia Jumanne, nimemsalimia leo. Nimesimama karibu naye hivi, namwambia 'chamgei' kwa lugha yenu, mpaka ulimi ukaniuma. Anapita tu, shingo imenyooka, kama gari la gavana! Ni hiyo nyumba ya mawe imempanda kichwani, eh?"

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nikamwambia mke wa tajiri lazima aringe kidogo. Tulicheka naye, nikampa kalenda ya duka. Jioni nikamweleza mama watoto, na yeye hakucheka.

"Alinisalimia wapi?"

"Sokoni. Amesema alisimama kando yako."

"Sikumwona," akasema. Baadaye kidogo akasema tena, polepole, kama anajiuliza yeye mwenyewe, "Kwa nini sikumwona?"

Nikamwambia apitishe ugali.

Ilikuwa karani wa kituo cha majani aliyenifanya nishuke shambani. Alinipata barabarani, mbele ya watu, akaniuliza kama ile nusu ekari ya chini nimeiuza. "Maanake siku hizi inaonekana kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mlevi," akasema, na watu wakacheka. Mimi ni mtu wa jina. Nilishuka pale nikiwa nimekasirika hata kabla ya kuona.

Halafu nikaona.

Mama watoto alikuwa na njia yake ya kuchuma. Alianza kila mara juu, karibu na nyumba, akashuka kati ya mistari miwili akichuma huku na huku, akapanda na kikapu kwenda kumwaga kwenye gunia, kisha akashuka kwa njia inayofuata. Sasa kila njia aliyoshuka, upande wa kulia chai ilikuwa sawa kama meza, kazi ile ile ya maonyesho. Upande wa kushoto ilikuwa msitu. Vichipukizi vimesimama, vimekomaa, vimefika kifuani, vingine vimeanza kutoa maua meupe. Njia ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Mpaka chini kabisa mtoni, kulia pamenyolewa, kushoto pameachwa, kana kwamba kuna mtu amepiga mstari na kumwambia usivuke.

Yeye alikuwa katikati ya shamba, kikapu mgongoni, anachuma.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Ni nini nini?"

"Hii kazi. Upande wa kushoto ni wa jirani?"

"Nimechuma kote."

"Umechuma kote na majani yamekufika kifuani? Mama watoto, karani ananicheka barabarani!"

"Usinipigie kelele kwa shamba langu. Nimesema nimechuma kote."

Nikamshika mkono wa kushoto, na nisikudanganye, nilimshika kwa hasira. Nikauweka juu ya vile vichipukizi virefu. Nilimwona akivigusa. Vidole vyake vilipanda polepole, jani, jani, jani, ua. Kisha akageuza kichwa, akakigeuza chote, kama kuku anavyokiangalia kitu, mpaka pua yake ikaelekea kule mkono ulikokuwa. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Haya yametoka wapi?" akauliza.

Hasira yangu iliisha hapo hapo, sijui ilienda wapi. Niliinua vidole vitatu karibu na sikio lake la kushoto, nikamwambia atazame mbele. "Ni ngapi?"

"Ngapi za nini?"

Nikakumbuka yule daktari msichana alivyokuwa anafanya. Nikafunika jicho lake la kulia kwa mkono wangu. Nilisikia mto. Nilisikia mashine ya mtu ikikata chai ng'ambo.

"Toa mkono," akasema.

"Nimefunika moja tu."

"Hapana. Umefunika yote mawili. Toa mkono, baba watoto."

Kesho yake haikuwa Jumatano, lakini tulienda. Yule daktari alitukumbuka. Alifungua faili, akaangalia tarehe, akauliza, "Mlipotelea wapi?" Alipima presha, akapima tena kana kwamba mashine imemdanganya. Akamweka mama watoto mbele ya mashine nyingine ya kubonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga, na mimi niliyesimama nyuma niliziona nukta zote zikiwaka, moja baada ya nyingine, na kidole chake kimetulia.

"Dawa alikuwa anaipata wapi?" daktari akaniuliza.

Na mimi, Mungu anisamehe, bado nilikuwa na kiburi kidogo kimebaki. Nikasema, "Mimi ndiye nilimnunulia. Hakukosa hata siku moja."

"Hata siku moja," akasema. Akavua miwani yake, akaipangusa kwa koti.

Alitueleza bila kupandisha sauti. Jicho la kushoto, neva imekufa. Jeupe, safi, halioni. Jicho la kulia limebakiwa na dirisha dogo katikati, kama mtu anayechungulia kwa bomba. Aende haraka hospitali kubwa apasuliwe, awekewe mrija mdogo wa kutoa maji, ili lile dirisha lisifungwe. Kilichokwisha kufa hakirudi.

"Ni ugonjwa uliofanya hivi, ama ni ile dawa?" nikamuuliza. Nilitaka aseme ugonjwa. Nilimtazama mdomoni nikingojea lile neno.

"Vyote viwili vinaweza, mzee. Uvimbe wenyewe unaziba njia ya maji, na dawa kwa wengine inaziba pia. Siwezi kukupimia kwenye mizani, kilo hizi za huyu na hizi za yule. Ila angekuwa anakuja, ningeona ikipanda. Ningebadilisha dawa. Kuna nyingine."

"Na hilo la kushoto, wakimpeleka nje? Ng'ambo? Niko na shamba."

"Hata ukiuza Kericho yote."

Afadhali angenipigia kelele. Mtu wa kelele najua namna ya kusimama naye. Mama watoto alikuwa ameshika kibeti chake magotini kwa mikono miwili, akauliza swali moja tu.

"Hili la kulia, litanitosha kumjua mtu?"

"Ukimwelekea, mama. Ukimwelekea usoni."

"Basi watu watavumilia niwakodolee macho," akasema. Nesi aliyekuwa mlangoni akatoka nje.

Alipasuliwa. Ule mrija umekaa vizuri, presha imeshuka, na sasa anapimwa kila wanapomwita, Jumatano au siku yoyote, wakati wa majani au la. Nilirudi Litein kumtafuta yule kijana wa dawa. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazito. Aliponiona alisimama wima nyuma ya kaunta, akasema kabla sijafungua mdomo, "Mzee, nilikukatalia mara mbili." Nikatoka. Niliketi ndani ya pikapu bila kuwasha.

Katoni ilibaki na chupa tatu. Nilimpa daktari. Mtu akija dukani macho yakiwa mekundu na ananiambia ana matone yake yanayomsaidia, namuuliza ni lini alipimwa presha ya jicho. Wengine wanadhani ni njia yangu mpya ya kujigamba, kwamba sasa nimekuwa daktari pia. Wacha wadhani.

Kuna mambo sikujua kwamba ni kazi ya macho. Kumimina chai. Kujua kama mtu amemaliza kuongea au anafikiri tu. Kukaa kwenye harusi bila mtu kukukanyaga. Anakaa mahali nilipomweka, anageuza lile jicho lake moja polepole chumbani kote, kama mtu anayetafuta kitu kwa tochi, mpaka linifikie. Likinifikia anatabasamu. Hilo ndilo baya kuliko yote.

"Umekonda," aliniambia jioni moja.

"Mimi? Nimenenepa."

"Mimi naona pua peke yake. Pua imekonda."

Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Mimi nilienda kuangalia kama geti limefungwa.

Hakuniuliza kwa nini. Miezi yote hiyo sijasikia "ungenipeleka" wala "ulisema". Nilingojea hayo maneno kama mtu anavyongojea mvua ya mawe akiona wingu, na wingu likakaa tu juu yangu.

Ile nusu ekari hakuiacha. Madaktari walipomruhusu, alichukua kikapu akashuka, na mimi nikashuka nyuma yake kabla ya kufungua duka. Sasa tunatembea pamoja kati ya mistari. Yeye anachuma kulia, mimi nachuma kushoto. Nilikuwa sijachuma chai miaka ishirini. Vidole vyangu vimekuwa vya kuhesabia magunia.

"Unachuma kama mtu anayevuna sukuma wiki," ananiambia bila kugeuka. "Nasikia unavyokwanyua. Majani mawili, mzee, si matawi mawili."

Karani amenirudishia majani yangu mara mbili mbele ya watu. Yake anayapokea.

Wiki iliyopita tulikuwa karibu na mto, ukungu bado haujatoka vizuri. Alisimama akapumzika, mikono juu ya chai.

"Ilikula pesa ngapi?" akaniuliza. "Yote. Usinipe ya kuzunguka."

Sikuwa nimemwambia. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma risiti za nyumba hii, na hizi nilizisoma peke yangu, kidole kikifuata mstari. Nikamwambia moja moja, huku nikichuma ili nisimtazame. Upasuaji, laki mbili na elfu kumi. Vipimo, elfu ishirini na nne na mia tano. Dawa za baada ya hapo, elfu thelathini na moja na mia mbili. Nauli na mahali pa kulala, elfu ishirini, mia saba na hamsini.

Midomo yake ilikuwa inasogea kidogo, vile inavyosogea siku zote akijumlisha.

"Na jicho la kushoto?"

"La kushoto hawakulipisha."

"Hata shilingi?"

"Hata shilingi. Walisema hapo hakuna kazi ya kufanya."

Mkono wake wa kushoto ulitafuta chai upande wangu, ukapata kichipukizi nilichokuwa nimekiruka, ukakivunja, ukakitia kikapuni.

"Basi," akasema, "ni laki mbili, elfu themanini na sita, mia nne na hamsini."